Mhandisi wa Kikalenda

Mama yake Mapenzi huwaambia watu wa Kaloleni kwamba binti yake hutengeneza kompyuta. Nilijaribu kumsahihisha mara mbili, nikaona isiwe taabu, nikanyamaza. Mapenzi Mwaro hajatengeneza kompyuta hata siku moja. Kwa miaka sita alishughulikia kikalenda: kile kidirisha kinachofunguka kwenye simu unapotakiwa kuchagua tarehe, iwe ya safari au ya kuzaliwa, na ukishagusa siku unayoitaka kinajifunga. Tena hata hicho hakuwa nacho peke yake. Walikuwa watu kumi na mmoja wanaokihudumia, na sehemu yake hasa ilikuwa ile mishale miwili, wa kurudi mwezi uliopita na wa kwenda mwezi ujao.

Nacheka ninapoandika haya, na sipaswi kucheka. Nilisoma naye Kaloleni kuanzia darasa la nne hadi kidato cha nne, na nilishika namba moja muhula mmoja tu, ule aliougua surua. Akiwa darasa la saba aliifungua redio ya mwalimu mkuu aone sauti inatoka wapi. Akashindwa kuifunga, akapewa adhabu ya kufagia uwanja, na alipomaliza kufagia akaenda ofisini kuomba aifungue tena. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mishale miwili aitunze.

Kampuni ni kubwa, ya ng'ambo, ina ofisi Nairobi. Jina lake silitaji, kwa kuwa sidhani inawazidi wenzake kwa ubaya. Ilimchukua kabla hajahitimu chuo kikuu, ikamlipa vizuri, ikamkatia bima yeye na mama yake, na baada ya korona ikamruhusu afanye kazi popote penye mtandao. Akarudi pwani, akapanga nyumba Malindi, na siku mtandao wa kwake ulipokuwa ukisumbua alikuja dukani kwangu. Mimi nina duka la kupiga chapa, fotokopi na picha za pasipoti. Mtandao wangu haukatiki, kwa sababu ukikatika huwapigia wenyewe simu nikawaambia ninachofikiri.

Mwaka wa kwanza alijifunza mengi, hilo hulisema mwenyewe. Wa pili alijifunza kidogo. Kuanzia wa tatu akawa anarudia alichokijua. Aliomba ahamishiwe kwa wale wanaohifadhi data, yaani kule taarifa zote zinakowekwa ili zisipotee. Bosi wake, Bwana Thuku, akamjibu kwa upole kwamba kule wana watu wao. Akaomba tena mwaka uliofuata, akaulizwa kikalenda abaki nacho nani. Mara ya tatu akapewa kozi za video. Alizimaliza zote, akapata vyeti kumi na vinne vyenye jina lake, na alipotaka kukigusa kile alichofundishwa akaambiwa ruhusa ni za kikosi kingine. Hata zana alizotumia kila siku zilikuwa za kampuni yenyewe, zimetengenezwa humo ndani na nje hazipo.

"Pola," aliniambia siku moja, "nikitoka hapa leo, ninachokijua nakirudisha pamoja na kitambulisho cha kazi."

Mimi nilimwona anadeka. Nilimwambia kuna watu wenye digrii hiyohiyo wanauza maji ya chupa stendi. Sasa naona kwamba nilimjibu vilevile alivyojibiwa na bosi wake, ila yule alikuwa na upole.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba ikaja barua. Anapandishwa cheo kuwa mhandisi mwandamizi, mshahara unapanda, na sharti ni moja: abaki na kikalenda miaka miwili zaidi, kwa kuwa hakuna anayekijua kumshinda. Aitie sahihi na kuirudisha kabla ya mwezi kumalizika. Mama yake aliposikia akachinja kuku. Mapenzi akaomba likizo ya wiki nne na muda wa kufikiri, akapewa vyote viwili, kwa sababu kampuni ile haikuwa na roho mbaya. Ndilo lililomsumbua zaidi, maana hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Wiki hiyohiyo jirani yangu Suresh akaniuliza kama yule rafiki yangu wa kompyuta anaweza kumsaidia jambo.

Suresh huuza vipuri: vya pampu za visima, vya mashine za boti, vya jenereta, vya vinu vya kusagia. Duka alilirithi kwa baba yake pamoja na ukuta wa droo za mbao zipatazo mia sita na arobaini, zimepanda hadi darini, na hakuna hata moja yenye maandishi. Marehemu mzee alikataa katakata kuziandika. Alihofia mfanyakazi atajifunza kazi yote kisha afungue duka lake ng'ambo ya barabara. Kila aliyeajiriwa alionyeshwa droo zake hamsini, akaambiwa zinamtosha, na asiulize za mwenzake. Mapenzi alipoelezwa hayo alitabasamu vibaya, nikajua anamfikiria Bwana Thuku.

Aliyezijua zote alikuwa mtu mmoja tu, mke wa mzee, Motiben, ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, yaani mama, kama anavyoitwa na mwanawe. Ba hakuzipanga kwa mashine wala kwa ukubwa. Kila droo ina jina la mteja wa kwanza aliyekuja kuulizia kilichomo. Kuna ya padri wa Rabai aliyeharibikiwa na pampu ya kisima. Kuna ya karani wa Dabaso, kuna ya yule Mwitaliano aliyelia dukani kwa ajili ya jenereta. Ukimtajia kipuri, Ba humkumbuka mtu kwanza, kisha mashine yake, kisha safu ya ngapi kutoka juu. Nimeishi jirani naye miaka tisa na sikuwahi kumwona akifungua droo mbili kutafuta kitu kimoja.

Kuanzia mwezi wa tano alianza kufungua mbili, siku nyingine tatu. Akatia chumvi kwenye chai. Daktari wa Mombasa akamwambia Suresh kwamba hali hiyo haitarudi nyuma, itakwenda mbele, na hajui kwa kasi gani. Suresh akataka kila kilichomo kichwani mwa mama yake kiandikwe mahali kabla hakijaondoka, ili mtu akiuliza kipuri aone kwenye simu kiko droo gani.

Mapenzi akakubali kabla Suresh hajamaliza kueleza. Baadaye, tukifunga duka langu, akanieleza alivyopanga. Ataijenga programu hiyo peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila kikosi chochote nyuma yake. Akiweza, barua hataitia sahihi, atatafuta kazi kwingine. Akishindwa, atakuwa amejua yeye ni mtu wa mishale miwili, atatia sahihi na hatalalamika tena maishani. Nilimwambia anajitungia mtihani usio na haja. Akasema hajafanya mtihani wowote tangu atoke chuo.

Siku nne za kwanza alizimaliza akiandika karatasi. Kazini kwao hakuna kinachoanzwa bila maelezo kuandikwa na kuzungushwa kwa wote watoe maoni. Akaandika kurasa tisa za jinsi droo zitakavyoingizwa, akamkabidhi Suresh, akangoja maoni. Suresh, mtu wa adabu, akazipokea kwa mikono miwili, akazifungia kwenye kabati la hati za nyumba, akangoja kazi ianze. Wakangojeana hivyo Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, wakisalimiana kila asubuhi. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia ukweli wote wawili.

Alipoanza kujenga ndipo nilipomwona Mapenzi ambaye sikumjua. Ukurasa wa kuandikia aliutengeneza asubuhi moja, mzuri, kila kitu mahali pake. Lakini taarifa zikae wapi, nani aruhusiwe kuingia, programu iwekwe vipi mtandaoni ifunguke kwenye simu ya Suresh, hayo yote kazini kwao yalifanywa na watu ambao hajawahi kuwaona sura. Alikaa kwenye meza yangu ya nyuma akitazama video za wanaoanza, na nikipita aliziba kioo kwa mkono. Alikuwa anaona haya. Siku moja alitazama video ya kijana wa kidato cha tatu kutoka Machakos, akairudia mara nne, kisha akaegemeza kichwa ukutani. Hata hivyo, wiki ya pili ilipofika katikati, programu ikasimama. Haikuwa maridadi, lakini ukiandika jina la kipuri ilikupa namba ya droo.

Kuanzia Ijumaa Ba akaanza kutoa. Suresh alipanda ngazi, akaishusha droo, akaiweka mapajani mwa mama yake, naye akatia mkono ndani bila kutazama akasema: hii ni ya fulani, alikuja na baiskeli mwaka wa mvua nyingi, mashine yake ya rangi ya kijani, hii ni pete ya shaba ya shina la pampu. Mapenzi akaandika. Aliandika haraka ajabu, macho kwenye herufi. Siku nne, ukiacha Jumapili, wakawa wamefika droo ya mia tatu na kumi, na Ba akawa mchangamfu kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Nilifurahi. Nilidhani mtihani umekwisha na rafiki yangu ameupita.

Jumatano adhuhuri Mapenzi akataka kuweka toleo jipya lenye herufi kubwa, ili Ba naye aweze kusoma. Kazini kwao, kabla ya kuweka toleo jipya, mhandisi husafisha kwanza mahali pa majaribio, anafuta kila kilichomo. Kisha kikosi cha kutunza nakala za akiba, ambacho hata hajui kiko nchi gani, hupajaza tena chenyewe kwa muda wa dakika kumi. Alishafanya hivyo kila wiki kwa miaka sita. Kwa hiyo akasafisha. Akaniagizia viazi karai, tukala, akanawa mikono, akarudi kukaa mbele ya kompyuta.

Nilihudumia wateja watatu. Niliporudi nyuma nilimkuta amekaa vilevile, mikono mapajani.

"Wangoja nini?" nikamuuliza.

"Zirudi."

"Nini zirudi?"

"Droo."

"Nani azirudisha?"

Akageuka kunitazama, na nikaona jibu linamfika.

"Hakuna mtu," akasema. "Hakuna mtu, Pola. Ni mimi tu."

Nilimkasirikia, sifichi. Nilimwambia hata yule kijana wa Machakos asingefanya kosa hilo. Nilisema kwa hasira, lakini nimelifikiri sana tangu siku ile na naona lilikuwa kweli kwa namna ambayo sikuikusudia. Anayejifunza peke yake hupoteza kazi yake wiki ya kwanza, akalia, na hasahau tena. Mapenzi alikuwa amelindwa asipoteze chochote tangu ana miaka ishirini na nne. Wamemlinda vizuri, wakamlipa juu yake, na hasara ya kwanza ya maisha yake ya kazi ikawa kichwa cha mama wa watu.

Alikwenda mwenyewe kumwambia. Nilimfuata hadi mlangoni. Ba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba akipepeta bizari kwenye sinia.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, mwanangu. Tunaendelea?"

"Nimezipoteza zote, Ba. Zote ulizonipa. Kosa ni langu, si la mashine."

Suresh akakaa chini kwenye ngazi. Ba aliliweka sinia pembeni, akapangusa mikono kwenye ukingo wa sari yake, akajigusa kipaji cha uso.

"Mimi bado ninazo," akasema. "Leta kiti, tuanze."

Wakaanza droo ya kwanza. Safari hii Mapenzi alihifadhi baada ya kila droo tano, mahali patatu tofauti, na Suresh akiangalia. Alikwenda polepole. Alikishika kila kipuri mkononi kabla hajakiandika. Siku mbili mambo yalikwenda, na nikaanza kupumua.

Siku ya tatu asubuhi, Ba akatia mkono kwenye droo moja ya safu ya nne, akatoa kijipete cha shaba, akakigeuza. Akakigeuza tena. Mara hii alikitazama.

"Hiki nilikwambia ni cha nani?"

"Uliniambia, Ba."

"Nilisema nani?"

Mapenzi akajaribu kulitafuta lile jina. Hakukumbuka. Siku ile alikuwa ameangalia herufi, jina lilipita vidoleni kwake na halikupita kichwani. Ba alingoja kwa adabu, kama anayemngoja mgeni atafute maneno. Kisha akakirudisha kijipete kwenye droo.

"Haidhuru," akasema. "Kitanijia."

Hakikumjia. Mpaka wanamaliza zote mia sita na arobaini, kumi na tisa zilikuwa tupu kwenye programu, na kati ya hizo kumi na nne zilikuwa miongoni mwa zile mia tatu na kumi za mwanzo. Suresh alimwambia Mapenzi asijitese, huenda mama angezisahau tu. Mapenzi hakuupokea ule msamaha. "Majuzi tu alizijua," aliniambia tukiwa wawili. "Na mimi majuzi nilikuwa nazo." Akalia, na safari hii sikuwa na la kumkaripia. Nililia naye.

Programu ilifanya kazi na inafanya kazi mpaka leo. Kwa mtihani aliojitungia alikuwa amepita, na mtu yeyote angekubali. Nilimuuliza anaonaje. Akasema kupita na kufeli anaona ni maneno ya shule, ila sasa anajua hasa ni kitu gani asichokijua, na miaka sita hakuna aliyemruhusu kujua hata hilo.

Siku mbili kabla ya mwezi kumalizika alimpigia Bwana Thuku simu kutoka meza yangu ya nyuma. Nilisikia upande mmoja tu, nikasimuliwa wa pili. Thuku alimwambia wapo wengi wangeipigania nafasi hiyo. Akamuuliza kama tatizo ni mshahara, kama ni kazi nyingi, kama kuna mtu amemkosea. Mapenzi akasema hapana kwa yote matatu.

"Bwana Thuku, kwa miaka sita sijapoteza kitu hata kimoja," akasema. "Ndiyo maana sijui kukitunza. Na nimegundua hilo kwa mali ya mtu mwingine."

Thuku akasema jambo ambalo Mapenzi hakulitarajia. Akasema yeye mwenyewe yuko kwenye kikalenda mwaka wa tisa. Akamtakia heri, wakaagana vizuri.

Sasa Mapenzi yuko Kilifi mjini, kwa kikundi cha watu sita walio ghorofani juu ya duka la dawa, wanaotengeneza programu ya zahanati ndogo. Mshahara ni nusu ya ule wa zamani na bima hamna. Mama yake hakusema naye wiki nzima, kisha akanipigia mimi kuuliza kama binti yake amefukuzwa. Nikamwambia hapana, amejifukuza. Hakucheka. Mkubwa wake wa kazi anaitwa Lewis, ana miaka ishirini na mitano, na siku ya kwanza alimkabidhi Mapenzi kazi ya kutunza nakala za data. Mapenzi ana umri wa miaka thelathini na anaona haya kuuliza, lakini anauliza. Kuna wiki anaharibu kitu asubuhi na kukitengeneza jioni, hunipigia simu kunieleza, na mimi siambulii hata neno. Husikiliza sauti tu. Ni ile ya mtoto aliyeomba redio mara ya pili, na nakiri namwonea wivu kidogo.

Jumamosi huja Malindi. Amenunua kipimo cha chuma cha kupimia vipenyo, na amepata vitabu vya zamani vya vipuri kwa mwenye karakana mmoja wa Mombasa. Hushusha droo moja kati ya zile kumi na tisa, akapima kimoja kimoja, akalinganisha na picha kitabuni. Ameshazitambua saba. Majina ya wateja hayarudi, hayo yamekwenda, lakini mashine anazipata. Ba hukaa kando yake. Kuna Jumamosi humrekebisha, na huwa amesema kweli. Kuna Jumamosi humuuliza jina lake mara tatu.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama dukani kwa Suresh alipoingia mzee mmoja kutoka Rabai, mteja wa siku nyingi, akitafuta kipuri cha pampu. Alimwamkia Ba kwa heshima, wakaulizana hali za watoto. Kisha akamwona Mapenzi juu ya ngazi, mikono imejaa grisi, akauliza huyo mgeni ni nani. Ba akatazama juu kwa muda. Niliona anamtafuta na hampati.

"Huyu?" akasema. "Huyu anajifunza kazi hapa."

Suresh akageuka haraka amweleze mzee kwamba huyo ni mhandisi, ana digrii, amefanya kazi kampuni kubwa ya ng'ambo. Mapenzi akamtikisia kichwa.

"Ndiyo, mzee," akasema kutoka kule juu. "Najifunza."

Akashuka ngazi, akafuta mikono, akamuuliza pampu yake ni ya mwaka gani.